Katuni za Watoto na Mzozo wa Malezi
Katuni ya The Loud House inahusu nyumba yenye watoto 11, hesabu isiyomshangaza mtu wa Tabora. Kilicholeta kelele ni Clyde, rafiki wa Lincoln, mmoja wa watoto hao: wazazi wake wawili ni wanaume, na mwaka 2016 walionekana mlangoni wakimleta mtoto alale kwa rafikiye. Basi, ni hilo tu. Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, chini ya Ezekiel Mutua, iliipiga marufuku katuni hiyo pamoja na nyingine 5, ikidai zinaeneza ushoga.

Tanzania mzozo ulihamia vitabuni. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Adolf Mkenda, aliviondoa shuleni vitabu 16, kuanzia pwani hadi Tabora, kwa hoja ya mila na desturi. Miongoni mwavyo ni Diary of a Wimpy Kid, chenye vibonzo vya mvulana mtundu anayewazunguka wazazi.