Askari Katika Matangazo ya Supu

Kabla redio haijaingia majumbani, kuta za mjini na kurasa za gazeti ndizo zilizokuwa sauti ya mfanyabiashara. Nchini Uingereza na Marekani, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa karne ya ishirini, vyakula vilivyokuwa vikipimwa kutoka guniani vilianza kuuzwa katika pakiti, chupa na makopo yenye jina la kiwanda. Hapo awali mnunuzi alimwamini mwenye duka aliyemjua. Sasa alitakiwa aliamini jina tu. Ili jina hilo lipate heshima, wenye viwanda walitafuta mtu ambaye umma ulikuwa tayari unamheshimu, wakamwona askari.

Mfano ulio wazi kabisa ni Bovril, mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe unaokorogwa katika maji ya moto. Aliyeutengeneza, Mskochi John Lawson Johnston, alianza kwa kulipatia jeshi la Ufaransa nyama ya kopo katika miaka ya 1870, na jina Bovril likaanza kutumika mwaka 1886. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipozuka Afrika Kusini mwaka 1899, kampuni haikulala. Mwaka 1900 ilichapisha ramani ya safari ya jeshi la Lord Roberts kupitia Kimberley hadi Bloemfontein, ikidai kwamba njia aliyopita jemadari huyo iliandika neno Bovril juu ya ardhi!

Ndugu msomaji, wewe uliyewahi kubeba mzigo mgongoni utajua ni mambo gani hayakuonekana katika ramani ile. Huko Bloemfontein homa ya matumbo iliwaangusha wanajeshi kwa maelfu. Katika vita vile vyote Waingereza walipoteza askari wapatao 22,000, na theluthi mbili hivi kati yao waliuawa na maradhi, si kwa risasi. Nao waliozingirwa Ladysmith kwa siku 118 walichinja farasi wao wenyewe na kuwachemsha kuwa mchuzi, wakauita Chevril kwa kulifanyia mzaha jina la ile chupa. Utani huo wa wenye njaa, kwa maoni yangu, una ukweli kuliko bango lolote.

Wamarekani nao walitumia silaha, ingawa bila damu. Katika maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904, kampuni ya Quaker Oats ilipasha mchele moto ndani ya mizinga midogo, kisha ikaufyatua ukiwa umefura mbele ya watazamaji. Baadaye matangazo yakakisifu chakula hicho kuwa kimepigwa kwa mizinga.

Maduka makubwa ya nguo na vyombo hayakubaki nyuma. Mbali na kupunguza bei kila Januari ili kumaliza bidhaa za msimu, yalitafuta vioja. Harry Gordon Selfridge, Mmarekani aliyefungua duka lake London mwezi Machi 1909, alionyesha humo ndege ya Louis Blériot mara tu baada ya Mfaransa huyo kuruka juu ya mlango wa bahari wa Uingereza tarehe 25 Julai. Umati ulimiminika kuitazama.

Kisha deni likageuka. Mfanyabiashara aliyeazima heshima ya askari sasa aliombwa na serikali aiazime ufundi wake. Mchoraji Alfred Leete, ambaye kalamu yake ilitangaza pia chokoleti na Bovril, ndiye aliyechora uso wa Lord Kitchener akimnyoshea kidole mtazamaji. Picha hiyo ilitokea gazetini tarehe 5 Septemba 1914, kisha ikageuzwa bango la kuwaita vijana jeshini. Watu wapatao milioni mbili na nusu walijiandikisha kwa hiari. Hata hivyo hawakutosha. Januari 1916 Bunge likapitisha sheria ya kuwachukua wanaume kwa lazima, kwanza wasio na wake, na ilipofika Mei, wenye wake pia.