Mvua ya Kioo, Upepo Usiotulia

Hakuna darubini iliyowahi kuipiga picha ya karibu HD 189733 b. Sayari hiyo iko umbali wa miaka ya nuru karibu 65, na michoro yake yote ya kupendeza ni kazi ya wachoraji. Hata hivyo hali yake ya hewa inajulikana kwa kiasi cha kushangaza.

Ni jitu la gesi, kubwa kidogo kuliko Mshtarii, lililogunduliwa mwaka 2005 kutoka kituo cha Haute-Provence, Ufaransa. Huizunguka nyota yake kwa siku 2.2 tu. Mtoto ambaye angezaliwa huko Jumatatu asubuhi angetimiza mwaka Jumatano mchana.

Vituko vyote vinatokana na ukaribu huo. Zebaki iko kilomita milioni 58 kutoka Jua letu. Sayari hii na nyota yake zimetengana kwa milioni 4.6 hivi. Mvutano wa nyota umeibana kiasi kwamba upande mmoja ni mchana daima na wa pili usiku daima. Mtu angetarajia mchana uunguze na usiku ugandishe. Sivyo. Darubini ya Spitzer ilipopima joto lake, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha nyuzi za Selsiasi zaidi ya 900 mchana na karibu 700 usiku. Tena, penye joto kali zaidi si pale panapotazamana na nyota. Pamesogea upande wa mashariki. Joto linabebwa na upepo, ambao vipimo vya mwaka 2015 vilionyesha unavuma kilomita zipatazo 8,700 kwa saa.

Rangi yake ilipatikana kwa ujanja mzuri zaidi. Sayari inapojificha nyuma ya nyota, mwanga unaopungua ni ule iliokuwa ikiurudisha. Mwaka 2013, darubini ya Hubble ilionyesha kuwa uliopungua ni wa samawati, si wa kijani wala mwekundu. Rangi hiyo haitokani na bahari: inadhaniwa hutokana na ukungu wa chembe za silikati, jamii ya madini yanayounda mchanga na kioo. Kutokana na hapo ndipo husemwa kuwa huko hunyesha kioo, tena kikipeperushwa ubavuni. Dhana hiyo ina mantiki, lakini mvua yenyewe haijaonwa. Isiwekwe daraja moja na rangi, ambayo imepimwa.

Chombo kinachoshuka humo kisingepata pa kutua. Juu yake nyota ya rangi ya chungwa ingeonekana pana zaidi ya mara 20 kuliko Jua tulionavyo. Chini, gesi ingezidi kubana hadi kukiponda.

Mwaka 2024, darubini ya James Webb ikagundua salfidi ya hidrojeni, gesi yenye harufu ya mayai viza. Harufu ni mzaha wa magazeti. Kilichowavutia wanafalaki ni salfa yenyewe, kwa kuwa kiasi chake husaidia kukisia sayari iliundwa kwa malighafi gani, na sasa wanataka kuitafuta kwenye majitu mengine ya gesi.