Kabla ya Kuuza Hewa Ukaa, Tafuteni Kuni

Tangu serikali itoe kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, habari hiyo imepanda hadi nyanda zetu za juu. Hapa Hasamba, Vwawa, wilayani Mbozi, mkulima wa kahawa mwenye ekari chache za miti anauliza kama ni kweli kuna watu Ulaya wanaolipa ili mti usikatwe. Ni kweli. Ila wengi wanaipokea habari hii kuanzia mwisho, kwenye fedha, na hapo ndipo kijiji kinaweza kuumia. Naomba tuianzie mahali inapostahili kuanzia: jikoni.

Mfano nitakaoutumia uko mbali na sisi, pwani kabisa. Gazi ni kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, Kenya, kilomita hamsini hivi kusini mwa Mombasa. Mbele yake kuna ghuba iliyozungukwa na mikoko. Mwaka 2013 Gazi na jirani yake Makongeni walizindua mradi wa Mikoko Pamoja, unaohesabiwa kuwa wa kwanza duniani ambapo wanakijiji wenyewe waliuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Eneo lao ni dogo, hekta 117 tu. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, vimefuata njia hiyo hiyo katika eneo kubwa zaidi.

Lakini tuzo ilikuja baada ya kazi ndefu. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kulishia matanuru ya chokaa na matofali, na sehemu nyingine za ghuba zikabaki wazi. Mwaka 1991 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo Dk. James Kairo, walianza kurudisha miche pale palipokufa. Hesabu miaka: kutoka mche wa kwanza hadi mradi wa kaboni ni zaidi ya miongo miwili. Mtu akija kijijini kwenu na kuahidi kwamba kaboni italipa msimu ujao, mkumbusheni hesabu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo Gazi ilitufundisha sisi watu wa misitu. Mikoko ya kujengea haikatwi ovyo; hukatwa kwa kuchaguliwa. Fundi wa pwani huagiza fito, pau, boriti au nguzo, kila moja na unene wake, na mkataji huingia msituni kutafuta mti ulionyooka. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za majahazi yaliyobeba boriti kutoka Lamu na delta ya Rufiji kwenda Arabuni, ambako miti ya kuezekea ilikuwa adimu. Ukichukua kila mwaka iliyonyooka, baada ya muda unabaki na msitu wa kijani unaopendeza ukiutazama kutoka kwenye ngalawa, kumbe ndani umejaa miti iliyopinda isiyomfaa mjenzi. Msitu unaweza kuchakaa bila kupungua hata hekta moja. Kwa hiyo mtu asiyepima hajui anacholinda.

Sasa, kwa nini mnunuzi alipie mikoko? Jibu liko kwenye tope. Jani likianguka katika shamba la kahawa, mchwa, kuvu na bakteria hulila, na sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi hewani baada ya muda mfupi. Kwenye mikoko maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, tope hubaki limelowa, na chini kidogo tu ya uso wake hakuna oksijeni. Vijidudu vinavyoozesha hufanya kazi polepole mno. Majani, mizizi na mashapo hulaliana tabaka juu ya tabaka kwa karne nyingi. Ndiyo sababu hekta moja ya mikoko huweza kushikilia kaboni mara kadhaa zaidi ya hekta ya msitu wa kawaida wa nchi kavu katika ukanda wetu wa joto, na sehemu kubwa ya hazina hiyo iko ardhini. Ukikata miti na tope likafunuliwa, hewa huingia, na kilichokusanywa kwa karne huanza kutoka. Kupanda mche mpya ni jema, ila mche hauwezi kurudisha tope hilo katika uhai wa mpandaji wala wa wajukuu zake. Kinachouzwa Gazi, kwa sehemu kubwa, ni kutokata.

Kipimo chake hakikisiwi kwa macho. Ndani ya msitu hutengwa viwanja vidogo vya kudumu, na kila baada ya muda wapimaji hurudi kwenye viwanja hivyo hivyo. Unene wa kila mti hupimwa mita 1.3 kutoka chini. Kwa mkoko wenye mizizi inayosimama kama miguu ya buibui, kipimo hupandishwa juu ya mzizi wa mwisho, maana ukipima chini ya hapo huna shina. Unene huo huingizwa kwenye mlinganyo ambao watafiti waliupata kwa kukata miti michache ya aina ileile, kuikausha na kuipima kwa mizani. Matokeo ni uzito mkavu. Karibu nusu ya uzito mkavu ni kaboni, na kaboni ukiizidisha kwa 3.67 unapata uzito wa hewa ukaa, kwa kuwa kila chembe ya kaboni ikienda hewani hubeba chembe mbili za oksijeni. Kwa hesabu za namna hii, zikikaguliwa chini ya kiwango cha kimataifa cha Plan Vivo, mradi wa Gazi umepangiwa takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mauzo hupitia ACES, asasi ya hisani iliyosajiliwa Uskoti.

Mkaguzi ana maswali mawili ambayo hayakwepeki. La kwanza: bila mradi, msitu huu ungekatwa au ungesalimika wenyewe? Kama ungesalimika, hakuna cha kuuza. La pili ndilo gumu zaidi: panga limeacha kazi, au limehamia msitu wa jirani? Mama anayepika kwa kuni haachi kupika kwa sababu kijiji kimetia saini mkataba. Mwenye nyumba ambayo paa lake linaliwa na mchwa haachi kutafuta boriti. Ukimzuia hapa atakwenda pale, na hewa ukaa unayodai kuiokoa itakuwa imetoka kwa jirani yako.

Jibu la Gazi lilikuwa mivinje. Kando na kulinda mikoko, mradi ulipanda mivinje kwenye ardhi kavu ya kijiji. Mvinje hukua haraka kwenye mchanga usiofaa mazao mengi, mizizi yake huongeza nitrojeni ardhini, na shina lake limenyooka. Kuni zake huwaka vizuri. Haukumaliza shida yote, lakini ulimpa mpishi na mjenzi mahali halali pa kwenda. Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa mradi mzima. Magazeti ya nje yameandika sana juu ya kaboni na kidogo juu ya mivinje. Ningekuwa na uwezo ningeugeuza uwiano huo.

Fedha zenyewe zinahitaji kutazamwa kwa utulivu. Katika miaka ya mwanzo mradi uliingiza kati ya dola 12,000 na 15,000 kwa mwaka. Gazi na Makongeni wana wakazi wapatao 6,000. Gawanya, na kila mmoja anapata kiasi cha dola mbili, zisizotosha hata mfuko wa mbolea. Zingegawiwa mkononi zingepotea siku hiyo hiyo. Zilikusanywa, wananchi wakakaa barazani kuamua, na zikaenda kwenye maji na kwenye shule. Plan Vivo hutaka walau asilimia 60 ya mapato iwafikie wanajamii. Hiyo ndiyo sakafu, na kijiji chochote kinachoambiwa kipokee chini ya hapo kiulize kwa nini. Akina mama wa Gazi, kwa upande wao, walijenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na wageni hulipa kuipita. Mapato hayo hayangoji soko la Ulaya.

Kuna suala la mali pia. Mikoko ya Kenya ni ya umma, na wanakijiji waliweza kuisimamia kwa sababu sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu kuunda chama cha misitu cha jamii na kuingia makubaliano na idara ya misitu. Kwetu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji nguvu kubwa zaidi ya hapo: kikiwa na ardhi yake na mpango wa matumizi bora, kinaweza kutenga msitu wa hifadhi ya kijiji na kuumiliki. Huko Katavi, vijiji vya wilaya ya Tanganyika vilivyo kwenye milima ya Ntakata vimefanya hivyo na vinauza kaboni ya miombo, na fedha zimeingia kwenye shule na zahanati. Hao ni watu wa ukanda wetu, wenye miti kama yetu. Mwenye nafasi ya kuwatembelea asiiache.

Nirudi kwetu, ila nipitie pwani mara moja tena. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kupitia mto Mwache hadi kwenye mikoko ya Mombasa, mizizi ya kupumulia ikafukiwa, na eneo kubwa la mikoko likafa. Wakulima wa bara ndio waliokuwa wamelima miteremko, na gharama ikalipwa na wavuvi. Sisi wa Mbozi hatuna mvuvi wa baharini wa kumtupia mzigo wetu. Mto Songwe ule unaoelekea kaskazini, pamoja na mto Momba, huishia Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mto unaotoka. Udongo unaosombwa kwenye mashamba yetu, maji machafu yanayotoka kwenye mashine za kumenyea kahawa, plastiki inayotupwa mtaroni, vyote vikishaingia kwenye mto vinabaki ndani ya bonde hili hili. Ziwa lina kina kidogo, kwa hiyo halisamehe tope.

Na matanuru tunayo. Mji wa Vwawa unakua, Tunduma inakua kwa kasi zaidi, na nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma. Kila tanuru ni magogo. Wengi wamekimbilia mikaratusi, nami siilaumu, maana hukua upesi na huokoa miombo. Lakini isipandwe kwenye chemchemi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na mikaratusi hunywa maji mengi. Mita hizo 60 zipewe miti ya asili, na mikaratusi ipande mlimani. Matofali ya kushindilia kwa mashine, yenye saruji kidogo na yasiyochomwa, yangeokoa magogo mengi. Upande wa jikoni, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, lakini mtungi wa gesi haujazwi kwa mkakati. Kwa miaka mingi ijayo nyumba nyingi za Mbozi zitapika kwa kuni, na kuni hizo lazima ziwe zimepandwa na mtu.

Kwa hiyo, wazee na vijana wa Hasamba, akija mtu na karatasi za kaboni, isiwe mwenyekiti peke yake atakayezisaini. Zisomwe kwenye mkutano mkuu, kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Muulizeni mkataba ni wa miaka mingapi, nani atapima na kwa kiwango gani, kijiji kitapata asilimia ngapi, na kama mradi umesajiliwa kwa mujibu wa kanuni za 2022. Afisa misitu wa wilaya aitwe akae hapo hapo. Na kabla hata mgeni huyo hajafika, kila mtaa utenge shamba la kuni na kulipanda mvua za Novemba zikianza.