Jicho la Samaki na Picha katika Maji ya Tope

Mzamiaji anayemtafuta mtu aliyezama katika maji ya tope huweza kumpita karibu bila kumwona. Taa yenye nguvu zaidi haimsaidii, kwani chembe za tope huutawanya mwanga na kuurudisha machoni pake.

Njia moja ya kupunguza tatizo hili imetokana na sifa ya mwanga ambayo jicho la binadamu huitambua kwa shida sana. Mwanga ni mawimbi ya uga wa umeme na uga wa sumaku, kama alivyoeleza James Clerk Maxwell mwaka 1865. Uga wa umeme hutikisika kwa kukingama na njia ya mwanga: wima, ulalo au mshazari. Katika mwanga unaotoka jua moja kwa moja, mielekeo hiyo yote imechanganyika. Mwanga huo unapoakisiwa au kutawanywa, mwelekeo mmoja huweza kuzidi mingine. Hali hiyo huitwa polaraizesheni.

Mwaka 1991 watafiti walieleza jinsi seli pacha za jicho la samaki Lepomis cyanellus, wa maji baridi ya Amerika ya Kaskazini, zinavyoweza kuipambanua hali hiyo. Mwaka 1995 Rowe, Pugh, Tyo na Engheta wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliiga mbinu hiyo. Walitumbukiza kipande cha alumini, kilichokwaruzwa sehemu zake kwa mielekeo tofauti, katika maji yaliyotiwa maziwa kidogo. Walipiga picha mbili kupitia kichujio cha polaraizesheni, ya pili kichujio kikiwa kimezungushwa nyuzi 90, kisha wakatoa picha moja katika nyingine.

Mfano utafafanua jambo hili. Sehemu moja ya kitu ina vipimo 504 na 496 katika picha hizo mbili. Sehemu nyingine ina 496 na 504. Jumla ni 1000 kote, na jicho letu, linalopokea jumla tu, halioni tofauti. Lakini baada ya kutoa, sehemu ya kwanza inabaki na +8 na ya pili –8. Mwanga wa tope, ulio sawa katika picha zote mbili, umejifuta wenyewe.

Katika majaribio hayo, alama zilionekana kwa umbali wa mara 2 hadi 3 kuliko kwa picha ya kawaida, ijapokuwa polaraizesheni haikuzidi asilimia 1. Hata hivyo, kitu chenye polaraizesheni sawa na ya tope linalokizunguka kitabaki kimefichika.

Mwanafunzi mwenye miwani ya jua ya polaraizesheni anaweza kuanza uchunguzi wake mwenyewe: autazame kwa mshazari mng'ao wa mwanga juu ya maji, kisha aizungushe miwani polepole. Mng'ao utafifia, kisha utarudi.