Fuwele zinazobadilishwa umbo ndani ya maji moto

Weupe wa rangi ya ukutani, na hata wa dawa ya meno, mara nyingi hutokana na unga wa oksidi ya titani. Unga huo ni semikondakta, yaani maada inayopitisha umeme kwa masharti tu. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza jinsi oksidi hiyo, ikimulikwa, inavyosaidia kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni.

Kazi hiyo hufanyika juu ya nyuso za fuwele, na nyuso hazilingani. Fuwele ya anatasi, mojawapo ya aina za oksidi hiyo, hufanana na piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Nyuso tulivu za ubavuni huchukua zaidi ya asilimia 90 ya eneo lote. Zile za juu na chini, zilizodhaniwa kuwa hodari zaidi, hubaki vipande vidogo mno. Jambo la kushangaza ni kwamba uso wenye nishati nyingi hukua upesi, na unaokua upesi ndio unaotoweka, mithili ya kichuguu kinachoinuka hadi kikaishia ncha.

Mwaka 2008 Hua Gui Yang, Gao Qing Lu na wenzao wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza kwamba wameizuia hali hiyo. Walitia floridi ya titani, maji na asidi ya haidrofloriki katika chombo kilichozibwa kabisa, wakakipasha hadi nyuzi 180 za Selsiasi. Kama ilivyo katika sufuria ya presha, maji hubaki kimiminika ingawa yamepita kiwango cha kuchemka. Humo, florini ilizishika nyuso hodari na kuzituliza, zikapanuka hadi asilimia 47. Kisha florini iliondolewa kwa joto la nyuzi 600.

Asidi hiyo si ya kuchezea, kwani hupenya ngozi na kudhuru hata mifupa.

Isitoshe, mwaka 2011 watafiti wa Shenyang, China, Lu akiwa miongoni mwao, walipima tena fuwele zilizosafishwa florini. Nyuso zilizosifiwa zilitoa haidrojeni kidogo kuliko zile za ubavuni. Walieleza kwamba mpangilio wa atomi usoni hautoshi, kwani hali ya elektroni ndani ya fuwele nayo huamua.