Kulemaza au Kufunga? Juu ya Neno Moja la Fomu za Kompyuta

Katika fomu ya karatasi, agizo kama “Ikiwa jibu ni hapana, ruka hadi swali la 9” halimzuii mtu kuandika pale asipotakiwa. Fomu ya kompyuta yaweza kumzuia. Kisanduku kidogo huwekwa juu ya nafasi za kujaza. Kikitiwa alama ya vema, nafasi hizo hupokea maandishi. Alama ikiondolewa, hugeuka kijivu wala hazipokei tena. Swali letu ni hili: tendo hilo tuliiteje kwa Kiswahili?

Swali hili si la chuoni tu. Katika sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 makarani wa Tanzania walitumia vishikwambi, na leo fomu zisizo za karatasi si jambo geni vijijini. Tumfikirie mkulima wa pamba wa Ngulyati, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma. Karani atia alama penye maneno “Ninayo namba ya simu”, aandika namba, kisha kidole chake chagusa kisanduku mara ya pili pasipo kukusudia. Namba ingali yaonekana, ila imefifia. Ikiwa fomu imeundwa kwa HTML, lugha ya kuundia kurasa za intaneti, kanuni zake tangu toleo la 4.0 la mwaka 1997 zasema kwamba yaliyomo katika nafasi ya hali hiyo hayapelekwi pamoja na fomu. Mkulima aenda zake akidhani namba imefika, nayo haikufika.

Wako wafasiri wanaoliita tendo hili kulemaza, na kinyume chake kuwezesha. Jozi hii ina kasoro mbili. Kwanza, kulemaa ni kuharibika kiungo, aghalabu kwa kudumu. Nafasi hii hurudi katika hali yake kwa mguso mmoja. Tena si adabu kulichukua neno la maungo ya binadamu kwa jambo dogo kama hili. Pili, maneno hayo hayana shina moja, hata msikiaji asitambue kwamba tendo moja latangua jingine.

Kiswahili kina njia yake, nayo ni mnyambuliko wa kutendua: ziba, zibua, kunja, kunjua, tega, tegua, funga, fungua. Mnyambuliko huu umo katika lugha nyingi za Kibantu, Kisukuma kikiwamo. Basi mkulima wetu hana haja ya kufundishwa mantiki yake. Kisanduku hufungua nafasi, na kisanduku hicho hicho huifunga.

Huenda mtu akapinga, akasema kwamba iko nafasi nyingine isiyoandikika, ambayo yaliyomo hupelekwa. Je, hiyo nayo haikufungwa? Hiyo na iitwe nafasi ya kusomwa tu, kwa kuwa hapana budi tofauti hii ilindwe: moja hupeleka, nyingine haipeleki. Kilichofungiwa ndani hakitoki, na maana hiyo neno lemaza haliibebi. Yafaa basi kando ya kisanduku paandikwe: “Nafasi hii imefungwa, yaliyomo hayatapelekwa.” Hapo karani atalisoma onyo kabla mkulima hajaondoka.