Mwanachama Aliyelemewa na Madeni na Wakili Wake

Mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni aliyelemewa na madeni asiuze shamba kwa siri. Mauzo ya hila huweza kutenguliwa. Kumtangaza mtu kuwa mufilisi ni kazi ya Mahakama Kuu, yenye masjala mjini Iringa, si ya chama wala ya mdai.

Yapasa atafute wakili. Kwanza, ahakikishe kuwa jina lake limo katika Daftari la Mawakili na kibali chake ni cha mwaka huo. Pili, ada iandikwe kabla ya kazi, na kila malipo yapate stakabadhi.

Asiye na uwezo aombe msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaidizi wa kisheria hushauri, lakini hasimami mahakamani.

Makatibu wampatie mwanachama hesabu kamili ya madeni yake chamani. Bila hiyo wakili hana pa kuanzia.